Kreatinini ya Kawaida, Kawaida ya Nani?

Chukua karatasi mbili za majibu ya damu. Moja ni ya kijana wa kiume wa miaka 25, nyingine ni ya mama wa miaka 65. Kwenye mstari wa kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huitoa mwilini, zote mbili zimeandikwa 97, yaani mikromoli 97 kwa lita. Maabara inayotumia kipimo cha Kimarekani ingeandika miligramu 1.1 kwa desilita, na maana ingekuwa ile ile. Ya kijana haina alama yoyote. Ya mama nayo, kwa maabara nyingi, ama haina alama au imegusa tu ukingo wa juu, jambo ambalo daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anaweza kulipita bila kunyanyua kichwa.

Sasa ziingize namba hizo kwenye fomula ya mwaka 2021 ya kukadiria uchujaji wa figo. Kijana anapata mililita 96 kwa dakika. Mama anapata 56. Figo za kijana, kwa kadiri damu inavyoweza kusema, ni nzima. Mama, hali hiyo ikidumu zaidi ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo wa hatua ya tatu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kreatinini inayotoka maabara ikiwa peke yake, na safu ya "kiwango cha kawaida" pembeni, ni nusu ya habari, na nusu yenyewe inaweza kupotosha. Makadirio yanayochapwa chini yake kwa herufi eGFR ni hatua kubwa mbele. Hata hivyo nayo ni makisio yaliyotungwa kutokana na miili ya watu wengine, na anayeyasoma kana kwamba figo zake zimewekwa kwenye mizani ataishia kuogopa bure au kujituliza bure.

Tuanze na taka yenyewe. Misuli huhifadhi kemikali iitwayo kreatini, ambayo ni akiba ya nguvu ya haraka. Kila siku asilimia 1 hadi 2 hivi ya akiba hiyo hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, kitu kisicho na kazi tena mwilini. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo, inachujwa, inatoka na mkojo. Kwa kuwa misuli ya mtu haibadiliki sana wiki hadi wiki, uzalishaji huwa wa kadiri ile ile, na hapo ndipo wataalamu walipopata upenyo: ukijua kinachoingia, kinachobaki kwenye damu kitakueleza kasi ya kutoka.

Kasi hiyo ndiyo tunayoitaka. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kwa mtu mzima mwenye afya vyote kwa pamoja hupitisha mililita 100 hadi 125 za majimaji kila dakika. Kwa siku nzima hizo ni lita 144 hadi 180. Karibu zote hurudishwa mwilini, na kinachofika chooni ni lita moja au mbili tu.

Ipo njia ya kuipima moja kwa moja. Homer Smith na wenzake huko New York, miaka ya 1930, waliifanya kwa inulini, aina ya wanga wa mimea ambao figo huuchuja bila kuurudisha kwenye damu wala kuuongezea. Siku hizi hutumika zaidi ioheksoli, ile dawa inayodungwa kwa ajili ya picha za eksirei, kisha damu huchukuliwa mara kadhaa kwa muda wa saa kadhaa ili kuona inavyopungua. Ni kazi safi, lakini hakuna hospitali inayoweza kuifanya kwa kila mgonjwa wa presha anayekuja kliniki. Kabla ya Smith, mwaka 1926, Mdenmaki Poul Brandt Rehberg alikunywa kreatinini mwenyewe akalinganisha damu yake na mkojo wake. Katika fikra hiyo ndimo lilimotoka dumu la mkojo wa saa 24. Aliyewahi kupewa dumu hilo anajua adha yake: mkojo mmoja wa alfajiri ukienda chooni kwa usingizi, hesabu yote imeharibika. Na hata lisipopotea tone, kipimo hicho hutia chumvi, kwa sababu figo haziishii kuchuja kreatinini. Kreatinini nyingine huisukuma kutoka kwenye damu kupitia kuta za mirija yake, kwa hiyo mkojo huwa na kreatinini zaidi ya ile iliyochujwa.

Ikabaki damu peke yake, na ugumu wake ni huu. Taka zilizoko uani hutegemea bidii ya mfagiaji na pia idadi ya wanaotupa. Ua safi wa nyumba ya mtu mmoja hauthibitishi kwamba mfagiaji ni hodari. Mzee aliyekonda, mgonjwa wa saratani aliyebaki mifupa, mtu aliyekatwa mguu, aliyelala kitandani miezi mingi: wote hawa huzalisha kreatinini kidogo, na figo zao zinaweza kuwa zimepoteza nusu ya kazi huku karatasi ikiwasifu. Upande wa pili yupo mnyanyua vyuma mwenye kreatinini ya juu na figo zisizo na neno lolote. Ukila nyama nyingi iliyopikwa usiku na kutoa damu asubuhi, namba nayo hupanda kidogo, maana joto la jikoni hugeuza kreatini ya nyama kuwa kreatinini.

Safu ya "kiwango cha kawaida" haijui lolote kati ya haya. Ni mpaka uliopatikana kwa kupima kundi la watu wanaoaminika kuwa wazima na kukata ncha za juu na chini. Hukuambia kama unafanana na kundi hilo. Hukuambia, muhimu zaidi, kama unafanana na wewe wa mwaka jana.

Na hapa pana hesabu ambayo wengi hawaijui, hata baadhi ya wanaosoma majibu kila siku. Kreatinini na uchujaji havisogei sambamba. Mchukue mwanaume wa miaka 45 ambaye kreatinini yake ilikuwa miligramu 0.9 kwa desilita na sasa ni 1.2. Kwa maabara nyingi zote mbili ziko ndani ya mpaka. Kwa fomula ya 2021 makadirio yake yameshuka kutoka 107 hadi 76. Karibu theluthi ya uchujaji imeondoka na hakuna aliyepiga simu. Mchukue tena mtu huyo huyo siku ambayo kreatinini yake ni 4.0 na wiki mbili baadaye ni 4.3. Nyongeza ni ile ile, 0.3. Makadirio yameshuka kutoka 18 hadi 16. Safari hii familia nzima inahangaika, mgonjwa analaumiwa kwa alichokula, dawa zinabadilishwa. Hasara kubwa ilipita kimyakimya, hasara ndogo ikapigiwa kelele.

Hilo peke yake linatosha kunifanya niseme kwamba maabara inayotoa kreatinini bila makadirio haijamaliza kazi. Umri na jinsia viko kwenye fomu ya maombi. Kompyuta inaweza kukokotoa kwa kufumba na kufumbua.

Lakini kukokotoa kwa fomula ipi? Hapo historia inaingia, na si historia safi sana. Mwaka 1976 Cockcroft na Gault, wakiwa Kanada, walichapisha fomula ambayo wafamasia wengi bado wanaijua kwa moyo: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito, gawa kwa kreatinini mara 72. Waliitunga kwa wagonjwa 249, karibu wote wanaume. Kwa wanawake wakaweka kizidishi cha 0.85, na kizidishi hicho kilikuwa dhana ya busara kuliko matokeo ya kipimo. Nusu ya binadamu ikaingizwa kwenye fomula kwa kukisiwa, na hadi leo dawa zinapimwa humo.

Mwaka 1999 ikaja fomula ya MDRD, iliyotungwa kutokana na watu 1,628 wa Marekani ambao wote tayari walikuwa na ugonjwa wa figo. Kwa hiyo ilifanya vizuri kwa wagonjwa na vibaya kwa wazima, ikiwapunja. Maabara nyingi zikaacha kuchapa namba kamili juu ya 60 kwa sababu hiyo, wakaandika tu "zaidi ya 60". Mwaka 2009 ikaja CKD-EPI kurekebisha sehemu hiyo ya juu.

Zote mbili zilibeba kitu kimoja cha ajabu. Ikiwa mgonjwa ni mtu mweusi, zidisha. MDRD ilizidisha kwa takriban 1.21, CKD-EPI ya 2009 kwa 1.159. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika makundi yaliyopimwa, Wamarekani weusi walikuwa na kreatinini ya juu kidogo kwa uchujaji ule ule, na wengi wakaieleza tofauti hiyo kwa misuli. Hakuna aliyepima misuli ya mgonjwa aliyeketi mbele yake. Rangi ya ngozi, iliyojazwa na karani au na mgonjwa mwenyewe, ikageuka kuwa kipimo cha mwili.

Madhara yake yalikuwa ya wazi. Huko Marekani mgonjwa huanza kuhesabiwa siku kwenye foleni ya kupandikizwa figo makadirio yake yakifika 20 au chini. Mtu ambaye fomula ya MDRD ingempa 17, baada ya kuzidishiwa kwa sababu ni mweusi alisomeka 20.6. Mwenzake mweupe mwenye damu ile ile, umri ule ule na jinsia ile ile alikwishaanza kuhesabiwa. Mwaka 2021 fomula mpya ilitolewa bila kigezo cha rangi, na ndiyo niliyotumia katika mifano ya makala hii. Mwaka 2022 mtandao unaosimamia upandikizaji huko ulipiga marufuku fomula za rangi kwenye foleni yake, na kuanzia Januari 2023 hospitali zikatakiwa kurudi nyuma na kuwarejeshea wagonjwa weusi muda waliopunjwa. Maelfu walirejeshewa.

Kwa msomaji wa Kiafrika kisa hiki kina mkia mrefu zaidi. Watafiti walipopima uchujaji halisi kwa ioheksoli huko Malawi, Uganda na Afrika Kusini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba fomula za kreatinini zilikuwa zinawapa watu figo bora kuliko walizonazo, na kuzidisha kwa rangi kulizidi kuharibu. Haishangazi. Mwili mwembamba hutoa kreatinini kidogo, na fomula iliyofundwa na miili mizito huitafsiri kreatinini hiyo ndogo kama figo kali. Miaka mingi kigezo kilichotungwa kutokana na Wamarekani weusi kilibandikwa kwa watu wa bara zima ambao wana lishe tofauti, uzito tofauti na maradhi tofauti. Kuondoa kizidishi hicho kumepunguza kosa. Kosa lenyewe halijaisha.

Kuna namba nyingine imejificha kwenye kipimo hiki na haizungumzwi kabisa. Tazama mwishoni mwa mstari wa eGFR: mililita kwa dakika kwa mita za mraba 1.73. Hiyo 1.73 ni eneo la ngozi ya mwili wa wastani lililopendekezwa Marekani mwaka 1928. Makadirio yako yamenyooshwa au kubanwa ili yafanane na mwili huo. Kwa kulinganisha watu na kupanga hatua za ugonjwa, sawa. Kwa kupima dozi ya dawa, la. Mwanamke mdogo wa umbo, mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.4, akisomeka 60, figo zake kwa hakika zinachuja mililita 49 hivi kwa dakika. Akipewa dawa yenye sumu kwa kipimo cha mwenye 60, anazidishiwa. Kwa dawa nyingi tofauti hiyo haina uzito. Kwa dawa za saratani, kwa antibiotiki ya gentamicin na ndugu zake, ina uzito, na anayeandika dozi anatakiwa kukumbuka kuirudisha namba kwenye mwili halisi.

Je, makadirio haya yanakaribia ukweli kiasi gani? Fomula nzuri za kreatinini husifiwa kwa kuwa katika watu takriban 85 kati ya 100, makadirio yako ndani ya asilimia 30 ya uchujaji halisi. Isome tena sentensi hiyo taratibu. Ukisomeka 60, kwa hesabu ya haraka ukweli uko mahali fulani kati ya 46 na 86, na kuna watu 15 kati ya 100 ambao hata mabano hayo hayawatoshi. Kwa maneno mengine, karatasi iliyoandikwa 60 inaweza kuwa ya mtu aliye salama au ya mtu anayehitaji kufuatiliwa kwa karibu, na karatasi haijui ni yupi.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa 61 akasomeka 58 hajaporomoka. Hana habari yoyote mpya. Kreatinini ya mtu yule yule hucheza kwa asilimia kadhaa siku hadi siku, na mashine ina mchezo wake pia. Njia ya kale ya maabara, ile ya Max Jaffe ya mwaka 1886, humwagia damu asidi ya pikriki na kusoma rangi ya chungwa inayojitokeza. Sukari ikiwa juu sana, ketoni zikiwepo, au macho yakiwa ya manjano kwa ugonjwa wa ini, rangi hiyo hudanganyika. Njia za vimeng'enya ni makini zaidi lakini ni ghali, na maabara mbili za mtaa mmoja zinaweza kutumia njia mbili. Ushauri wa kupima sehemu ile ile kila mara unasikika kama wa kizee, ila una sababu yake.

Ajabu ni kwamba pamoja na udhaifu wote huo, makadirio ni chombo kizuri sana kikitumiwa kwa kazi yake, na kazi yake ni kufuatilia mwendo. Makosa mengi ya fomula ni ya kudumu kwa mtu mmoja: kama misuli yako ni midogo leo, ilikuwa midogo mwaka jana. Makadirio yanaweza kuwa juu ya ukweli kwa pointi 12 kila mwaka, na bado yakaonyesha sawasawa kwamba unashuka pointi 5 kila mwaka. Karatasi tano za miaka mitano zilizopangwa kwa tarehe zina habari kuliko kipimo kimoja cha gharama kubwa. Nimeona wagonjwa wakifika kwa mtaalamu na jibu la wiki hiyo tu, karatasi za nyuma zimetupwa kwa sababu ziliandikwa "kawaida". Mtaalamu analazimika kuanza kukisia upya kana kwamba mtu huyo kazaliwa jana.

Mwendo huo nao una mitego. Fomula zote zinadhani mambo yametulia, kinachoingia na kinachotoka vimelingana. Mtu ambaye figo zake zimesimama asubuhi hii kwa kukosa damu au kwa sumu atakuwa na kreatinini nzuri mchana, kwa sababu taka hazijapata muda wa kurundikana. Makadirio yake yatasema 80 wakati ukweli ni karibu na sifuri. Ndiyo maana jeraha la ghafla la figo hutambuliwa kwa kupanda kwa kreatinini yenyewe, 0.3 ndani ya saa 48 au mara moja na nusu ya ilivyokuwa ndani ya siku saba, pamoja na kupungua kwa mkojo. Hapo eGFR iwekwe kando. Kwa mjamzito pia iwekwe kando: figo zake huchuja karibu nusu zaidi ya kawaida, kreatinini yake hushuka, na ile inayoonekana ya kawaida kabisa kwa wengine inaweza kuwa dalili mbaya kwake. Watoto wana fomula yao inayotumia urefu.

Halafu kuna dawa. Baadhi huzuia ule mlango wa pembeni ambao figo husukumia kreatinini, bila kugusa uchujaji. Trimethoprim, iliyomo ndani ya kotrimoksazoli, hufanya hivyo. Dolutegravir, ambayo leo iko kwenye kidonge cha kila siku cha mamilioni ya watu wanaoishi na VVU, nayo hufanya hivyo: kreatinini hupanda kidogo wiki za mwanzo kisha inatulia hapo hapo. Figo ziko vilevile. Sasa ona utata: kwenye kidonge hicho hicho mara nyingi imo tenofovir, dawa nyingine ya VVU, ambayo kwa baadhi ya watu huumiza mirija ya figo kweli. Dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, moja ikiinua namba bila madhara, nyingine ikiweza kuiinua kwa madhara, na karatasi ina mstari mmoja tu wa kreatinini. Kinachozitenganisha ni mambo mawili: kama kupanda kumesimama au kunaendelea, na mkojo unasemaje.

Dawa za presha za familia ya enalapril na losartan zina kisa kinachofanana. Hupunguza msukumo ndani ya vichujio, kreatinini ikapanda kidogo, na kwa muda mrefu zikailinda figo. Miongozo inaruhusu kupanda hadi asilimia 30 ndani ya wiki nne za kwanza kabla ya kufikiria kuziacha. Nasikitika kusema kwamba wapo wanaoachishwa dawa hizo kwa kupanda kwa asilimia 10, na wanaopoteza ni wale wale waliokuwa wakizihitaji zaidi.

Pale ambapo misuli ndiyo inayotiliwa shaka, kipo kipimo cha sistatini C, protini inayotolewa na karibu chembe zote za mwili na isiyojali sana misuli. Ina udhaifu wake, maana huvurugwa na tezi ya thairoidi, dawa za steroidi, uvutaji sigara na unene, lakini udhaifu wake ni tofauti na wa kreatinini, na vikitumiwa pamoja makadirio huwa bora. Mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya ugonjwa wa figo, unapendekeza hivyo pale kinapopatikana. Neno zito ni hilo la mwisho. Kwa walio wengi hakipatikani, au kinapatikana kwa bei isiyozungumzika, kwa hiyo sitakipigia debe sana.

Nitakachokipigia debe ni mkojo. Damu hukuambia kiasi kinachopita kwenye vichujio. Haikuambii kama vichujio vimetoboka. Kichujio kizima hakipitishi albumini, protini kuu ya damu. Kikianza kuivujisha, uharibifu umeanza, na hilo mara nyingi hutokea miaka kadhaa kabla kreatinini haijasogea, hasa kwa mwenye kisukari. Kipimo chake ni mkojo kidogo wa asubuhi, albumini ikigawanywa kwa kreatinini ya mkojo huo huo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa. Juu ya 300 ni hatari.

Weka watu wawili kwenye jedwali la KDIGO la hatari. Wa kwanza ana eGFR 95 na albumini 400. Wa pili ana eGFR 56 na albumini 8. Kwa macho ya damu peke yake wa kwanza ni mzima na wa pili ni mgonjwa. Kwenye jedwali, aliye kwenye rangi ya hatari zaidi ni wa kwanza. Yeye ndiye anayehitaji dawa haraka, na ndiye aliyerudishwa nyumbani na karatasi nzuri.

Wa pili, akiwa na miaka 78 na makadirio yake yakisimama hapo hapo miaka sita, analeta ubishi ambao wataalamu hawajaumaliza. Uchujaji hupungua kwa umri, pointi moja hivi kwa mwaka baada ya ujana. Wapo wanaotaka mpaka wa ugonjwa ushushwe hadi 45 kwa waliopita miaka 65, wakisema tunawabandika wazee jina la ugonjwa kwa kosa la kuzeeka. Wengine wanajibu kwamba figo dhaifu ni dhaifu hata kama umri ndio uliozidhoofisha, na dozi ya dawa haijali sababu. Mimi niko karibu na kundi la kwanza kuhusu jina, na karibu na la pili kuhusu dozi. Mzee huyo hahitaji kuishi na hofu ya mashine ya kusafisha damu. Anahitaji daktari anayejua kwamba yuko 56 kabla ya kumwandikia vidonge vya maumivu vya mwezi mzima.

Kwa hiyo karatasi ninayoitaka haina makubwa. Kreatinini, na njia iliyotumika kuipima. Makadirio, na jina la fomula iliyoyatoa, kwa sababu mtu aliyehama kutoka fomula ya 2009 kwenda ya 2021 anaweza kuonekana amepanda au ameshuka ilhali hakuna kilichobadilika ndani yake. Majibu ya nyuma kwenye safu ya pembeni, pale yalipo kwenye kompyuta ya maabara, yachukue nafasi ya kile "kiwango cha kawaida" kinachokaa hapo sasa. Na kwa kila mwenye kisukari au presha, nafasi ya albumini ya mkojo iliyochapwa tayari, ili isipojazwa, uwazi wake uonekane na daktari na mgonjwa pia.